Mafuta Ndani ya Mafuta: Historia ya Dizeli Kuingia Katika Oili ya Injini

Kiswahili kina neno moja, mafuta, kwa vitu ambavyo fundi wa injini hutaabika siku zote kuvitenganisha. Mafuta ya nazi na ya kujipaka, mafuta ya taa ya kibatari, petroli na dizeli inayotiwa katika tangi la gari, na hata kile kinachomiminwa ndani ya injini ili vyuma visisagane, vyote vyaweza kuitwa hivyo bila kosa. Gereji ndizo zilizolazimika kuleta tofauti: kinachochomwa kikabaki na jina la mafuta, na kinacholainisha kikaitwa oili, kwa kufuata Kiingereza. Tofauti hiyo si ya maneno tu. Mafuta huingia katika injini yapate kuteketea mara moja. Oili hukaa humo kwa maelfu ya kilomita, nayo haitakiwi kuungua. Na mpaka baina ya vitu hivyo viwili ni mwembamba sana: ringi chache za chuma zinazoizunguka pistoni, na utando wa oili yenyewe uliopakwa juu ya ukuta wa silinda.

Mpaka huo umevukwa tangu injini za kwanza za magari. Hata hivyo, sababu za kuvukwa kwake hazikuwa zile zile nyakati zote. Kwa muda wa karibu karne moja, petroli au dizeli iliyoonekana ndani ya oili ilikuwa dalili ya ugonjwa, au ya baridi, au ya uzembe wa mwendeshaji. Katika pikapu za dizeli zilizouzwa Marekani tangu mwaka wa 2007, na katika nyingine nyingi za namna yake duniani, imekuwa tokeo la kazi ambayo injini imeagizwa kuifanya. Fundi aliyefunzwa kutafuta mahali panapovuja aweza kuifungua injini ya namna hiyo yote, asione palipoharibika. Ili jambo hilo lieleweke yafaa kuanza mbali kidogo.

Injini za petroli za mwanzo wa karne ya ishirini zilipata mafuta yao kwa kabureta, na asubuhi ya baridi mwendeshaji alivuta choki ili mchanganyiko uwe mzito. Petroli nyingi iliyoingia hivyo haikuwahi kuwa mvuke. Iliupiga ukuta wa silinda ikiwa bado maji maji, ikauosha utando wa oili, ikateremka kando ya ringi mpaka kwenye sampu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jambo hili lilizidi. Idadi ya magari Marekani ilikuwa ikiongezeka upesi kuliko petroli, na viwanda vya kusafishia vikaanza kutia ndani ya petroli sehemu nzito za mafuta ghafi ambazo zamani zisingalitiwa. Petroli ikawa nzito zaidi, nayo haikugeuka mvuke kwa wepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wahandisi wa magari, wenye viwanda vya mafuta na ofisi ya serikali ya vipimo ya Marekani walishirikiana kuuchunguza uzito huo, na kuchujuka kwa oili kulikuwa mojawapo ya maswali makubwa waliyojiwekea.

Mkulima alijua tabu hii hata kuliko mwenye gari la mjini. Trekta la Fordson, lililoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka wa 1917, liliwashwa kwa petroli na kisha likaendeshwa kwa mafuta ya taa, ambayo yalikuwa rahisi. Mafuta ya taa huchemka katika joto kubwa kuliko petroli. Injini isipokuwa na moto wa kutosha, sehemu yake huponyoka bila kuungua na kujikusanya chini. Waliolima kwa matrekta ya namna hiyo, na wale wa Uingereza waliotumia mafuta mazito ya matrekta hata baada ya Vita Kuu ya Pili, walijifunza kuipasha injini moto vema kabla ya kufungua mafuta ya taa, na kumwaga oili mapema. Hakuna aliyewaambia kuwa huko kupanda kwa oili ni jambo la kawaida. Waliambiwa kuwa ni hasara, nao wakajitahidi kuipunguza.

Dawa zilipatikana, na nyingi zao zimebaki ndani ya magari hata leo, ingawa wachache hukumbuka kwa nini ziliwekwa. Kidhibiti cha joto la maji kiliifanya injini ipate moto upesi. Chujio la oili lilikuja mwaka wa 1923 kwa jina la Purolator, na mwaka uliofuata Chrysler alilitia katika gari lake. Katikati ya miaka ya 1920 magari ya bei kubwa, Cadillac likiwa mojawapo, yakaanza kupitisha hewa ndani ya nyumba ya krankshafti ili mvuke wa petroli na maji utoke nje usirudi kwenye oili. Dawa hii ya mwisho ndiyo yenye siri ya habari yote inayofuata: ilifaa kwa sababu petroli ilikuwa tayari kuondoka yenyewe, mradi ipewe joto na njia.

Ushahidi mkubwa zaidi wa siri hiyo ulitolewa na ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili injini kubwa za pistoni ziliendeshwa katika Alaska, Urusi na Ulaya ya kaskazini, mahali ambapo oili nzito ya ndege iliganda usiku mpaka injini isiweze kuzungushwa. Marekani walikuwa wameweka kituo cha kujaribia ndege katika baridi, uwanja wa Ladd huko Fairbanks, tangu mwaka wa 1940. Njia iliyotumika kwa wingi, na majeshi ya pande zote mbili za vita, ilikuwa hii: rubani alipokuwa karibu kuizima injini jioni, alibonyeza swichi iliyofungua petroli iingie moja kwa moja katika oili kwa dakika chache. Asubuhi oili ilikuwa nyepesi, injini ikazunguka. Kisha, injini ilipopata moto na ndege ikapaa, petroli ilichemka ikaondoka kwa njia ya hewa, na oili ikarudia uzito wake wa kwanza.

Basi kile alichokikimbia mwenye gari, rubani alikitenda kwa makusudi, tena kwa maagizo yaliyochapwa katika vitabu vya ndege. Wala hapakuwa na ukinzani. Petroli huanza kuchemka katika joto la digrii 30 hivi za sentigredi, na sehemu zake nzito kabisa humalizika karibu na digrii 210. Oili ya injini iliyofanya kazi vema huwa na digrii 100 au zaidi. Sehemu kubwa ya petroli, basi, haiwezi kukaa ndani yake. Dizeli si hivyo. Huanza kuchemka karibu na digrii 180, na mwisho wake hupita 350. Ikiisha kuingia katika sampu hukuta joto lisiloweza kuifukuza. Mwendo mrefu wa barabara kuu, ambao ungaliisafisha oili ya gari la petroli, huondoa sehemu ndogo tu ya dizeli iliyokwisha kuingia. Rubani wa mwaka wa 1943 angalitiwa dizeli badala ya petroli katika oili yake, asingalipata kuiondoa ila kwa kuimwaga yote.

Ama injini ya dizeli yenyewe, kwa miaka mingi haikusumbuliwa na jambo hili kwa namna ya pekee. Rudolf Diesel aliionyesha injini yake ikifanya kazi huko Augsburg mwaka wa 1897, na maana yake yote ilikuwa kwamba mafuta yaingizwe mwishoni kabisa mwa kukandamizwa kwa hewa, wakati hewa hiyo imekwisha kuwa na moto wa kuyawasha papo hapo. Mafuta yanayoingia kwa wakati huo hayana nafasi ya kuufikia ukuta wa silinda na kuteremka. Dizeli ilipoonekana katika oili, sababu yake ilikuwa ya kuonekana kwa macho: noseli iliyochakaa ikatiririsha badala ya kunyunyiza, sili ya pampu iliyokatika, au bomba dogo lililopasuka chini ya kifuniko cha vali. Fundi alikichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakisugua kwa vidole viwili, akajua. Kisha akaitafuta noseli ile. Maarifa hayo yalipita kutoka kwa fundi hadi kwa mwanafunzi wake kwa vizazi kadhaa, nayo yalikuwa maarifa kamili.

Kilichoyavuruga ni moshi. Moshi mweusi wa dizeli ni masizi, yaani chembe za kaboni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Marekani walitunga Sheria ya Hewa Safi ya mwaka wa 1970 na kuunda Shirika la Hifadhi ya Mazingira mwaka huo huo, lakini kwa muda mrefu magari madogo ya petroli ndiyo yaliyobanwa zaidi. Mwaka wa 1988 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika daraja la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Mwaka wa 1993 wataalamu wa Harvard walichapisha uchunguzi wao wa miji sita ya Marekani, wakaonyesha kuwa watu wa miji yenye chembe nyingi hewani walikufa mapema kuliko wengine. Mwaka wa 2012 wakala ule ule wa saratani uliondoa neno huenda. Yapasa kuyakumbuka haya, kwa maana katika maneno ya wenye pikapu waliokasirika sheria za moshi huonekana mara nyingi kama usumbufu usio na chanzo.

Chujio la kunasa masizi katika bomba la moshi halikuwa wazo jipya. Mercedes-Benz walilitia katika baadhi ya magari yao ya dizeli yaliyouzwa California tangu mwaka wa 1985, wakaliacha baada ya muda mfupi. Shida haikuwa katika kuyanasa masizi. Shida ilikuwa katika kuyaondoa. Chujio lililojaa huiziba injini, na masizi hayawaki yenyewe mpaka yafikishwe karibu na digrii 600, hali moshi wa gari linalokwenda polepole mjini huwa na digrii 200 au 300 tu. Jawabu lilingoja chombo kingine. Katika mitambo ya zamani pampu ndiyo iliyotengeneza mgandamizo na pampu ndiyo iliyoamua wakati wa kunyunyiza, vyote viwili vikifungwa na umbo la kemu. Katikati ya miaka ya 1990 ulikuja mtambo wa bomba moja la pamoja: Denso wa Japani waliutia katika lori mwaka wa 1995, na Bosch wakauingiza katika magari madogo mwaka wa 1997, gari la Alfa Romeo 156 likiwa la kwanza. Katika mtambo huo dizeli hungoja katika bomba ikiwa na mgandamizo mkubwa saa zote, na kompyuta huifungua noseli wakati wowote ipendao, hata mara tano au zaidi kwa pigo moja.

Wakati wowote: katika maneno hayo mawili umo mzizi wa mambo. Mwaka wa 2000 Peugeot walitoa gari lao la 607 lenye chujio la masizi lililokubali kusafishwa. Walitia katika dizeli dawa ya seriamu ili masizi yawake katika joto dogo zaidi, na waliiamuru noseli inyunyize dizeli mara nyingine baada ya mlipuko kwisha, pistoni ikiwa inashuka, ili moshi utoke ukiwa na moto mwingi. Watengenezaji wengine waliiacha seriamu wakaweka badala yake kichocheo chenye platini mbele ya chujio, na kunyunyiza kwao wakakuchelewesha zaidi. Dizeli inayoingia kwa kuchelewa namna hiyo haikusudiwi kuungua ndani ya silinda hata kidogo. Hutoka kwa mlango wa moshi ikiwa mbichi, ikaungulia katika kichocheo, na moto huo ndio unaolifikisha chujio katika digrii 600.

Hapo ndipo mpaka ulipofunguliwa kwa mkono wa mhandisi mwenyewe. Dizeli inayonyunyizwa kwa wakati wake hukutana na hewa nzito, yenye moto mkali, iliyobanwa katika nafasi ndogo juu ya pistoni. Matone husimamishwa na kuwaka kabla ya kwenda mbali. Dizeli inayonyunyizwa wakati pistoni imekwisha kushuka hukutana na hali ya kinyume kabisa. Mgandamizo umepungua, joto limeshuka, hewa imekuwa nyepesi, na ukuta mrefu wa silinda uko wazi kwa kuwa pistoni haiufuniki tena. Matone huruka moja kwa moja mpaka ukutani. Sehemu kubwa hutoka na moshi kama ilivyotakiwa; sehemu iliyobaki huchanganyika na utando wa oili, na ringi zikipita huikwangua pamoja nao na kuiteremsha kwenye sampu. Ni mwendo ule ule wa petroli ya choki katika mwaka wa 1920, ila mvutaji wa choki sasa ni kompyuta, na kiteremkacho hakiwezi kugeuka mvuke tena.

Marekani sharti lilikuja kwa ghafula. Kanuni iliyokamilishwa na Shirika la Hifadhi ya Mazingira mwanzoni mwa mwaka wa 2001 iliamuru kwamba injini kubwa za barabarani za mwaka wa 2007 zisitoe masizi zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiasi kilichoruhusiwa kabla yake. Ili vichocheo visiharibiwe, salfa katika dizeli ya barabarani ilishushwa mwaka wa 2006 kutoka sehemu 500 hadi sehemu 15 kwa milioni. Pikapu nzito za Ford, General Motors na Dodge ziliingia katika kanuni hiyo pamoja na malori. Hivyo mwaka wa 2007 ziliuzwa zote tatu zikiwa na chujio: Ford na injini ya lita 6.4, General Motors na Duramax ya lita 6.6, Dodge na Cummins ya lita 6.7. Zote tatu zililisafisha chujio kwa dizeli iliyonyunyizwa ndani ya silinda.

Yafaa kumtazama mnunuzi. Pikapu nzito ya dizeli huko Marekani hununuliwa na mkulima, na mjenzi, na fundi wa mabomba, na mtu anayevuta trela la farasi. Mwanzo wa siku huiwasha na kuiacha ingurume, wakati wa baridi apate joto na wakati wa jua apate ubaridi, naye huiendesha maili tatu mpaka dukani kisha huizima. Mazoea hayo hayakuwa na ubaya mkubwa kwa injini za baba yake. Kwa injini mpya yalikuwa mabaya kuliko yote. Gari linalonguruma tu hutengeneza masizi bila kupata joto la kuyachoma, kwa hiyo kompyuta huita usafishaji mara nyingi zaidi. Usafishaji huhitaji dakika ishirini hivi za mwendo. Mwendeshaji afikapo dukani huuzima katikati, na safari ya pili huanzishwa upya. Kila jaribio huongeza dizeli katika sampu. Mwenye gari aliyezoea kukuta oili imepungua sasa alikuta imepanda juu ya alama, naye, kwa kufuata alichofundishwa, alifurahi kwamba injini yake hailambi oili.

Furaha hiyo ilikuwa na gharama. Oili ya daraja la 40 ikiingiwa na dizeli kiasi cha 5 kwa mia yaweza kushuka hadi daraja la 30, na dawa zilizotiwa humo kiwandani ili kuzuia kutu, asidi na msuguano hupungua kwa kadiri ile ile. Beringi za krankshafti, ambazo haziguswi na chuma kingine ila huelea juu ya oili, hukosa unene wa kuelea. Wenye maabara za kupima oili aghalabu hutoa hadhari kati ya 2 na 5 kwa mia. Na sampu ikizidi sana kujaa, ukungu wa oili na dizeli waweza kuvutwa kwa njia ya hewa hadi mdomoni mwa injini. Injini ya dizeli haina plagi ya kuzimwa, nayo ikipata chakula hicho yaweza kuendelea kuongeza kasi hata ufunguo ukiwa umeondolewa. Matukio hayo ni machache, lakini aliyeyaona hasahau.

Palikuwa na mazidisho mawili ambayo pengine hayakuwa katika hesabu ya kwanza. Moja ni dizeli ya mimea, ambayo kuchanganywa kwake kulitiwa nguvu na sheria za miaka hiyo hiyo, kwa nia njema hiyo hiyo. Dizeli ya maharage ya soya huchemka karibu yote juu ya digrii 330, na kwa hiyo katika sampu hujikusanya hata zaidi ya ndugu yake wa petroli, na humo huchacha. La pili ni oili yenyewe. Daraja jipya la oili, CJ-4, lililotolewa mwaka wa 2006 kwa ajili ya injini hizi, liliwekewa kikomo cha majivu, kwa sababu majivu ya dawa za oili hubaki katika chujio milele, hayaungui. Lakini dawa zinazoacha majivu ndizo zinazopigana na asidi. Oili ikapunguziwa silaha kwa ajili ya chujio karibu wakati ule ule ambao chujio lilianza kuichuja kwa dizeli.

Wahandisi hawakulala. Watengenezaji kadhaa wa malori makubwa tangu mwanzo waliikataa njia ya silinda, wakaweka noseli ya ziada, au kichomeo, katika bomba la moshi lenyewe. General Motors waliifuata njia hiyo katika pikapu zao za mwaka wa 2011: injini yenye silinda nane ikapewa noseli ya tisa, nje, mbele ya kichocheo, na dizeli ya kusafishia chujio ikaacha kupita katika silinda. Ford walibaki na njia ya silinda katika injini yao mpya ya lita 6.7, lakini wao pamoja na General Motors walianza mwaka huo kutumia urea kuondoa oksidi za naitrojeni. Injini ikaruhusiwa kuwaka kwa moto zaidi, ikatoa masizi machache, na chujio likaomba kusafishwa mara chache. Shida ilipungua pasipo kwisha.

Kwamba noseli ya nje si uponyaji kamili, ilidhihirika Australia. Hilux, Prado na Fortuner zilizouzwa huko kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na injini za silinda nne zenye noseli ya tano katika bomba la moshi. Oili ilihifadhiwa, lakini mabaki ya dizeli yaliganda usoni mwa kichocheo, na gari lililokwenda kwa mwendo wa kawaida wa barabara kuu lilishindwa kulisafisha chujio lake. Moshi mweupe na harufu mbaya vikawafuata wenye magari. Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua mwaka wa 2022 kwamba magari hayo, zaidi ya 260,000, yalikuwa na kasoro. Kiwango cha fidia kilipunguzwa katika rufani ya mwaka wa 2023, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikalirudisha suala la hesabu likaangaliwe upya mwaka wa 2024. Hivyo noseli ikiwa ndani huumia oili, ikiwa nje huumia kichocheo; dizeli mbichi haina mahali pazuri pa kukaa.

Wenye pikapu wengi walikata shauri kwa njia yao. Walikwenda kwa mafundi waliolikata chujio, wakaweka bomba tupu, na kuibadili programu ya kompyuta isiite usafishaji tena. Kunyunyiza kwa kuchelewa kukakoma, na oili ikakaa katika alama yake. Kwa injini yenyewe tiba hiyo hufaulu kabisa, na ndiyo sababu ilienea. Mwaka wa 2020 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeondolewa vyombo vya kuzuia moshi katika muda wa miaka kumi hivi. Beringi za mmoja ziliokolewa kwa mapafu ya wengi. Ni haki pia kusema kwamba mwenye gari hakuulizwa alipouziwa chombo ambacho mazoea yake ya kila siku yangekiharibu, wala hakuelezwa kwamba oili ikipanda si heri.

Watengenezaji wachache walisema wazi. Katika magari ya dizeli ya Mazda kijiti cha kupimia oili kilipewa, juu ya alama ya kujaa, alama nyingine ya X: oili ikifika hapo imwagwe, hata kama kilomita zake hazijatimia. Kwingine kazi hiyo imeachiwa kompyuta, ambayo huhesabu mara za usafishaji na urefu wa safari na kukisia kiasi cha dizeli kilichomo, bila kuigusa oili.

Katika Afrika ya Mashariki habari hii imefika kwa kuchelewa, na kwa mlango wa bandari. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni tangu Januari 2015. Kiwango hicho ni kizuri mno kikilinganishwa na cha zamani, lakini pikapu na magari ya mizigo yanayoletwa yakiwa yametumika Japani yalitengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10. Hushuka Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na chujio lililokwisha kula nusu ya maisha yake, maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha mbele ya dereva, na kitabu cha maelezo, kama kimo, katika lugha hiyo hiyo. Taa ya njano ya chujio huwaka, dereva asijue yataka nini. Fundi hukichomoa kijiti, hukinusa, na maarifa ya zamani humwambia atafute noseli inayovuja. Huzipeleka zote nne zikapimwe, nazo hurudi zikiwa nzima. Huzirudisha, hujaza oili mpya mpaka alama ya juu, na baada ya mwezi wa safari za sokoni kijiti hutoka kimelowa kupita alama kwa upana wa kidole.